Marehemu Orrin Haskew na Bata Mzinga wa Pande Mbili za Kijito

“Hao ni ndege wangu, shemeji. Nenda kahesabu wa kwako!”

“Wa kwako wana alama gani, Doyle? Umewavalisha kofia?”

“Sanduku nilifungua mimi, kwa mikono hii. Wa kwangu walikimbilia kwangu, wa kwako wakakimbilia kwako, na kama wa kwako wameisha, kamuulize aliyewamaliza.”

“Wanaruka kile kijito miaka sitini sasa. Unafikiri wakifika ng’ambo wanaonyesha kitambulisho?”

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na nyote mliosafiri kuja Harlow siku ya leo, familia imeona historia hii ianzie kwenye ugomvi huo, uliotokea jikoni kwa marehemu mwezi Machi mwaka 2022, kwa sababu hakuna mtu wa bonde hili ambaye hakuwahi kuusikia, na kwa sababu Mzee Doyle Troutt, shemeji yake marehemu, ambaye ameketi hapa mbele, alipoulizwa kama tuuache alijibu, “Usomeni wote, na msinipambe.”

Marehemu Orrin Amos Haskew alizaliwa tarehe 9 Novemba 1947, katika nyumba ileile ambamo amefariki, kwenye bonde la Kijito cha Pigeon, katika milima ya Ozark, kusini mwa Missouri, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa Mzee Amos Haskew na Bibi Ruthie. Wakati anazaliwa hapakuwa na bata mzinga wa mwituni hata mmoja katika milima hii, walikuwa wamewindwa mpaka wakatoweka kabla baba yake hajajua kushika bunduki, na kitu pekee kilichobaki nyumbani kwao ni bawa moja kavu ambalo bibi yake alifagilia majivu ya jiko. Akiwa na miaka mitano alilichukua bawa hilo, akajifunga mkononi kwa kamba ya kiatu, akaruka kutoka juu ya banda la kuku, akavunjika kidole na kuchapwa siku hiyohiyo, na yeye mwenyewe alisema kwamba kidole kiliuma zaidi.

Alianza masomo mwaka 1953 katika shule ya chumba kimoja ya Harlow, akaketi dawati moja na Doyle Troutt, mtoto wa jirani wa ng’ambo ya kijito, wakaketi pamoja mpaka mwalimu alipowatenganisha, na mwaka 1961 aliingia shule ya sekondari ambayo aliimaliza Mei 1965. Mwezi Februari mwaka 1962, siku ya baridi kali, mabwana nyama wa serikali walifika bondeni na lori lenye masanduku ya bata mzinga waliowanasa kwa nyavu upande mwingine wa jimbo, mwalimu akawaruhusu wavulana wakubwa waende kuona, na Orrin na Doyle, wakiwa na miaka kumi na minne, walipewa kila mmoja sanduku lake la kufungua. Waliokuwemo kwenye sanduku la Doyle walitoka kwa kishindo wakapita juu ya kijito mpaka msitu wa akina Troutt, waliokuwemo kwenye la Orrin walipanda mlima wa akina Haskew kwa miguu, isipokuwa jike mmoja aliyepita katikati ya miguu yake na kumwangusha thelujini, na wavulana hao wawili walirudi nyumbani wakibishana ni sanduku la nani lililokuwa na ndege bora. Ubishi huo haukuisha kwa muda wote ambao marehemu alikuwa hai.

Mabwana nyama waliomba jambo moja tu, kwamba watu waweke bunduki chini mpaka ndege wazaane, na bonde zima likakubali. Mzee Amos, ambaye hakuwahi kuonja nyama hiyo maishani mwake, alimwona dume akikatiza uani kwake asubuhi moja, akachukua bunduki msumarini, akamtazama dume mpaka alipoingia kwenye mierezi, kisha akairudisha bunduki mahali pake, na alifariki mwaka 1969, miaka mitatu kabla ya msimu wa kwanza kufunguliwa huku kwetu. Marehemu aliwaeleza watoto wake habari hiyo mara nyingi, wala hakuwahi kuwaambia inamaanisha nini.

Mwaka 1966 aliajiriwa katika kiwanda cha kupasua mbao za mapipa karibu na Harlow, akaanzia kwenye kubeba magogo, baadaye akawa mpasuaji, akaifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2009. Mialoni myeupe iliyopita kwenye msumeno wake haina idadi, jambo ambalo Mzee Doyle hakumwacha alisahau, kwa kuwa bata mzinga hushiba kwa mbegu za mialoni hiyohiyo, na kila marehemu alipolalamika kwamba ndege wanapungua aliambiwa, “Umekata chakula chao miaka arobaini na mitatu, shemeji, sasa unauliza kwa nini hawaji kula.” Marehemu alipanda miche ya mialoni kwenye shamba lake la juu kila vuli tangu alipostaafu, na iliyo mikubwa sasa inamfika mtu kifuani.

Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na Lavada Troutt, dada yake Doyle, katika kanisa hili. Bibi harusi alitaka iwe mwezi wa Aprili, maua yakiwa yamechanua, lakini bwana harusi na kaka wa bibi harusi walikataa kwa sauti moja, kwa sababu Aprili ndio mwezi ambao madume hulia alfajiri na watu huwa milimani kuwasikiliza, na Bibi Lavada alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo siku ya mwisho aliyowaona wawili hao wakikubaliana. Mungu aliwajalia watoto wawili, Twila aliyezaliwa mwaka 1972, na Garland aliyezaliwa mwaka 1975, ambaye amesafiri usiku kucha kutoka Tulsa.

Marehemu alikuwa mtu wa maneno machache, isipokuwa juu ya ndege. Alitengeneza visanduku vya mwerezi vya kuwaitia, vinavyolia kama jike, akavigawa bure, na mtu aliyepewa kisanduku aliapishwa kwamba hatakipiga kabla ya msimu kufunguliwa, kwa sababu dume akidanganywa na mlio mwezi wa Machi haji tena mwezi wa Aprili. Aliyevunja kiapo hicho tunamjua. “Unakaa barazani na kahawa yako unawapigia kisanduku kama unaita mbuzi,” marehemu alimwambia, na shemeji yake akajibu, “Mbuzi wangu huja. Wewe hata mbwa wako haji.”

Wakati wa baridi ndege hawa hukusanyika kutoka mbali na kuwa kundi moja, wakafuata mahali ambapo ng’ombe hulishwa, na katika miaka ya tisini kundi la bonde letu lilipita mia moja na arobaini, nusu ya siku likiwa kwenye ng’ombe wa Haskew na nusu ya siku kwenye ng’ombe wa Troutt. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, nalo lilikuwa kosa la wote wawili. Kila mmoja aliwahesabu walipokuwa kwake, akaamini kwamba ni wa kwake, na ofisi ya wanyamapori ilipoomba taarifa kila mmoja alitoa idadi yake, kwa hiyo kwa miaka mingi bonde letu lilionekana lina ndege mara mbili ya waliokuwepo. Ikifika Aprili, bunduki zikilia upande huu wa kijito ndege walivuka kwenda upande ule, zikilia upande ule walirudi upande huu, na aliyekuwa ametulia nyumbani aliwaona wengi akadhani mwenzake ni mzembe.

Marehemu aliligundua hilo akiwa amechelewa, kama yeye mwenyewe alivyokiri mbele ya wanawe. Masika ya baridi na mvua yaliharibu mayai miaka kadhaa mfululizo, rakuni, wanyama wanaokula mayai ya ndege, wakaongezeka kwa kuwa hakuna tena anayenunua ngozi zao, na kutoka juu ya mlima wake, ambapo zamani alisikia madume kumi na tano wakilia kabla ya jua kuchomoza, alisikia sita, kisha wanne, kisha wawili. Akaona kwamba kama ndege wa pande mbili ni kundi moja, basi bonde zima lina wawili, na wakipigwa hao, miche aliyopanda itakuwa imepandiwa rakuni.

Kwa hiyo mapema mwezi Machi mwaka 2022, kwenye chakula cha jioni cha kituo cha zimamoto, watu wakiwa na sahani za samaki wa kukaanga mapajani, marehemu alisimama akaomba kila familia ya bonde iweke bunduki chini masika mawili, kama baba zao walivyofanya. Watu walimgeukia Doyle, kwa sababu shamba lake ndilo lililoko katikati na ndilo refu kuliko yote, na bila yeye, wengine kufunga mashamba yao kwa wawindaji hakuna maana.

“Mimi sina upungufu wa ndege,” alisema Doyle. “Mwenye upungufu afunge kwake.”

Watu walicheka, na shauri likafa hapohapo. Marehemu alifunga la kwake peke yake, akatia mnyororo kwenye geti, na wiki iliyofuata ndipo ulipotokea ule ugomvi wa jikoni ambao mmesikia mwanzo wake. Mwisho wake ulikuwa hivi.

“Basi simama juu ya kilima chako alfajiri moja,” marehemu alimwambia, “mimi nisimame kwangu alfajiri hiyohiyo, tusikilize kwa pamoja. Ukisikia wako na mimi nikasikia wangu, nitakuomba radhi mbele ya kanisa.”

“Nisimame gizani kwa amri ya mume wa dada yangu? Dada mwenyewe hakuwahi kuniamrisha.”

“Alikuamrisha miaka hamsini. Ulikuwa husikii tu.”

Bibi Lavada alikuwa amefariki tarehe 3 Novemba 2020, naye ndiye aliyekuwa akiwanyamazisha kwa kusema, “Mkimaliza na ndege wenu nipisheni meza niweke sahani.” Siku hiyo hakuwepo wa kusema hivyo, Mzee Doyle akachukua kofia yake akaacha kahawa haijanywewa, na kwa miaka miwili hakukanyaga nyumba hiyo, wakipishana barabarani waliinuliana kidole kimoja juu ya usukani kama watu wanavyosalimia mgeni.

Marehemu alianza kuugua kifua mwaka 2019, na mwaka 2021 madaktari walisema kwamba mapafu yake yalikuwa yamekakamaa kwa vumbi la mbao la miaka mingi. Alifungiwa mashine ya hewa, akawa anatembea mpaka mwisho wa bomba lake na kurudi, na kuanzia Oktoba iliyopita aliuguzwa na mjukuu wake Kezia, binti wa Twila, aliyeacha shule akaja kukaa naye kwa kuwa mama yake anafanya kazi mjini. Mlima hakuweza tena kuupanda, kwa hiyo kitanda chake kilisogezwa kwenye dirisha linaloutazama, na dirisha lilifunguliwa kila alfajiri hata kulipokuwa na baridi, Kezia akiwa amejifunga blanketi begani.

Siku ya Ijumaa, tarehe 12 Aprili mwaka huu wa 2024, ikiwa imebaki wikiendi moja msimu ufunguliwe, Mzee Doyle alikuja bila kuarifu, akiwa amebeba pai ya tufaha.

“Sura yako mbaya, shemeji,” alisema.

“Na yako haikuwahi kuwa nzuri. Keti.”

Hakuketi. Marehemu, akivuta pumzi kati ya neno na neno, alimwomba tena jambo lilelile, asimame alfajiri moja tu juu ya kilima chake na kusikiliza.

“Wajukuu zangu wanakuja kesho na magari na mahema, Jumatatu tunawinda,” Mzee Doyle alisema. “Wanikute nimesimama kilimani kama mwizi wa kuku?”

“Sikuombi ufunge geti. Nakuomba usikilize.”

“Ndege wangu nawajua bila kuwasikiliza.”

Akaweka pai juu ya kabati, akatoka, na Kezia akamfuata mpaka kwenye gari.

Jumamosi alfajiri dirisha lilifunguliwa, marehemu akasikiliza mpaka jua likapanda, na upande wetu hakulia hata mmoja. Akasema, “Huenda Doyle alisema kweli. Huenda wangu ndio walioisha,” kisha akageukia ukuta, na alikataa uji wa asubuhi na ule wa mchana. Alasiri tulisikia magari yakiingia kwenye shamba la nyasi la akina Troutt, vijana wakipigilia vigingi vya mahema, na mbwa wao akibweka mpaka giza likaingia.

Jumapili, tarehe 14 Aprili, kabla jua halijachomoza, dume alilia juu ya mlima wetu. Marehemu alifumbua macho akainua kidole kimoja, akalia mwingine akainua cha pili, halafu baada ya kimya kirefu akainua cha tatu, akasema kwa sauti ya chini, “Watatu. Wako kwenye ule mwaloni uliopigwa na radi. Umewasikia?” Kezia alisema amewasikia wawili, naye akamjibu, “Basi sikio lako moja bado limelala.” Alitabasamu. Hakuuliza kama ni wake au ni wa Doyle, alibaki akiuangalia mlima, na jua lilipofika kwenye kizingiti cha dirisha alikuwa amekwisha kutuacha, akiwa na umri wa miaka sabini na sita na miezi mitano.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano na vitukuu wawili. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kifua waliomhudumia kwa miaka mitatu, muuguzi wa zamu aliyevuka barafu ya Januari kwa miguu lilipokwama gari lake, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwandani waliopasua kwa hiari mbao za jeneza hili, nazo ni za mwaloni mweupe kama alivyotaka, kina mama wa kanisa kwa mikate ya mahindi na maharage ambayo hayajaisha mpaka sasa, na majirani wote wa bondeni, ambao tangu msimu ufunguliwe Jumatatu hatujasikia bunduki yao hata moja.

Wengi mmekuwa mkiuliza imekuwaje bonde zima limenyamaza bila kikao. Saa ile ya Jumapili marehemu alipotuacha, Twila, aliyekuwa amekuja kutoka mjini, akiwa ndani kwenye simu na daktari, mlango wa jikoni uligongwa, na Kezia alipofungua alimkuta Mzee Doyle akiwa peke yake, suruali imelowa mpaka magotini kwa sababu alikuwa amekatiza kijito badala ya kuzunguka darajani, kofia mkononi, na majani ya mwerezi kwenye mabega. Hakuwa amepata habari. Alikuwa ametoka juu ya kilima chake, ambako alisimama Jumamosi alfajiri bila kumwambia mtu, akasimama tena Jumapili baada ya magari na mbwa kulala shambani kwake, akaanza kusema kabla Kezia hajapata nafasi ya kumwambia lolote, na alipomaliza ndipo alipoutazama uso wa mtoto.

Marehemu hakuyasikia maneno hayo. Familia, kwa idhini ya mwenyewe, imeona asomewe leo kabla hatujampandisha mlimani, kwa sababu aliyasubiri muda mrefu, na kwa sababu ni yake. Lala salama, babu, jibu lako lilifika. Alisema hivi, akiwa amesimama pale mlangoni:

“Jana walilia watatu kwangu. Leo kwangu kimya kabisa, watatu wanalia kwenu, kwenye ule mwaloni wa radi. Kama amelala usimwamshe. Mwambie tu ni walewale, na geti nimelifunga.”